Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Viza

Mwalimu akiletewa habari ya kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo, swali lake la kwanza ni wanalipa ngapi. Mawakala wanalijua hilo fika, ndiyo maana tarakimu ya mshahara hukaa juu kabisa ya tangazo kwa herufi nene, na neno viza, likitokea, hutokea chini karibu na namba ya simu. Walimu wengi wameniletea mikataba yao niisome, wakitaka niwaambie waende au wabaki, na kila mara nawarudisha pale pale: mshahara uwe swali la mwisho. La kwanza liwe hili: nitaingia nchini kwenu kwa viza ya aina gani, na ni nani anayeiomba? Jibu lake litakuonyesha mengi ambayo mwajiri hakukusudia kukuonyesha, pamoja na kama huo mshahara uliotajwa utalipwa kweli.

Sisemi hivi kwa kuwabeza wanaofuata pesa. Hadi Januari 2025, walimu wanagenzi zaidi ya 46,000 wa sekondari msingi nchini Kenya walikuwa wakifanya kazi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na ilibidi wagome Mei 2024 ndipo suala lao la kuajiriwa kwa masharti ya kudumu lichukuliwe kwa uzito. Mtu aliyesomea shahada ya ualimu miaka 4, akafanya mazoezi ya kufundisha chini ya jicho la mkaguzi, kisha akasubiri Tume ya Huduma za Walimu (TSC) imwite mpaka watoto aliowafundisha kwenye mazoezi wakafika chuoni, ana haki ya kusoma tangazo la Bangkok mara mbili. Ninachotaka ni alisome lote.

Matangazo hayasemi kuwa soko la kufundisha Kiingereza huko Asia ya Mashariki limegawanywa kwa pasipoti. Korea Kusini ina viza maalumu ya walimu wa lugha, iitwayo E-2, na kwa Kiingereza huwapa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. China nayo humtaka mwalimu wa lugha awe raia wa nchi inayohesabiwa kuwa ya wazawa wa lugha hiyo, na orodha inayotumiwa kwa Kiingereza ni hiyo hiyo. Mkenya mwenye shahada ya daraja la kwanza katika Kiingereza na Fasihi hayumo. Kijana wa Manchester aliyesomea biashara, akaongeza kozi ya saa 120 mtandaoni, yumo.

Kinachouma zaidi ni kwamba imani iliyo nyuma ya orodha hiyo ilipigwa mhuri hapa hapa kwetu. Januari 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kujadili namna ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka 31 baadaye, Robert Phillipson aliichambua ripoti ya mkutano huo katika kitabu chake *Linguistic Imperialism* na kuonyesha kuwa humo mlikuwa na nguzo 5 zilizokuja kuitawala taaluma nzima. Mojawapo ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Phillipson aliita hiyo dhana potofu, na wataalamu wengi baada yake wamekubaliana naye. Péter Medgyes, Mhungari, alikwenda mbali zaidi: aliyejifunza lugha kwa jasho, alisema, humwonyesha mwanafunzi njia ambayo mzawa hakuipita. Lakini idara za uhamiaji hazisomi vitabu vya isimu. Mwalimu wa Kampala au Nakuru anayekataliwa leo huko Seoul anakataliwa kwa hoja iliyojengwa umbali wa safari moja ya basi kutoka kwao.

Kwa hiyo mtu akikuambia kuna kazi ya kufundisha Kiingereza China, na pasipoti yako ni ya Kenya, Tanzania au Uganda, muulize anakusudia kukupitisha wapi. Akikujibu kuwa utaingia kwa viza ya biashara au ya masomo kisha mambo yatasawazishwa mbele ya safari, amekuambia kwa kinywa chake kuwa utafanya kazi kinyume cha sheria. Sheria ya China ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika Julai 2013, humtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likihesabiwa zito huongezewa kizuizi cha siku 5 hadi 15. Anayerudishwa kwao anaweza kufungiwa mlango kwa mwaka 1 hadi 5. Shule iliyomwajiri hutozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, jumla isizidi 100,000. Kwa shule yenye wazazi wanaolipa vizuri, hiyo ni gharama ya biashara. Kwako wewe, yuan 20,000 zinakaribia shilingi 360,000 za Kenya, na huyo aliyekuleta hatakuja kituoni kukutetea.

Ipo njia halali ya kufundisha China, ila jina lake ni jingine. Sharti la uzawa linamhusu mwalimu wa lugha. Mwalimu wa hesabu, fizikia au kemia anayefundisha somo lake kwa Kiingereza katika shule ya kimataifa hapimwi kwa pasipoti hiyo. Anapimwa kwa shahada na uzoefu. Hapa walimu wetu wa Kiingereza wamefungwa na mfumo wetu wenyewe: mwalimu wa sekondari Kenya husomea masomo mawili ya kufundisha, na kwa wa Kiingereza masomo hayo ni Kiingereza na Fasihi. Hana hesabu wala biolojia ya kuegemea. Mwenzake aliyelalamika chuoni kwamba kemia ni ngumu ndiye leo mwenye mlango mpana zaidi wa kwenda ng'ambo kufundisha kwa Kiingereza.

Japani ina kipimo tofauti. Anayetaka viza ya kufundisha lugha ya kigeni katika shule za kawaida hutakiwa aonyeshe kuwa yeye mwenyewe alisomeshwa kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Hapo majirani wawili wanaachana njia. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4, hata ukimtoa madarasa 3 ya mwanzo ambamo sera inaruhusu lugha ya nyumbani, ana miaka 5 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu. Jumla 13. Mtanzania aliyepitia shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili miaka 7, na Kiingereza kama lugha ya kufundishia kikamkuta kidato cha kwanza. Miaka 4, halafu 2, halafu 3 ya shahada, zinafika 9. Huenda anaijua sarufi ya Kiingereza kuliko huyo Mkenya, lakini fomu haina mahali pa kuandika hilo. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu darasa la kwanza anapita, kwa maana nyingine anapita yule ambaye wazazi wake walikuwa na karo.

Uingereza niitaje kwa kifupi, kwa kuwa wengi huniuliza. Tangu Februari 2023 imefungua njia ya kutambua sifa za walimu kutoka nchi kadhaa zaidi, zikiwemo Ghana, Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwemo katika kundi hilo, na kipaumbele kilikuwa hesabu, sayansi na lugha za kigeni. Anayekuuzia kozi ya kukupeleka darasani London kwa miezi 3 akuonyeshe kwanza jina la nchi yako kwenye ukurasa wa serikali yao.

Inabaki Thailand, ambako walimu wa Kiafrika na Wafilipino wapo kweli na wanafundisha kihalali, na ambako pia watu wameumia vibaya. Nitakaa hapo kidogo.

Utaratibu halali uko hivi. Shule hukuandikia barua, unaomba viza ya Non-B ubalozini kabla ya kusafiri, ukifika unapata kibali cha kazi chenye jina la shule hiyo, kisha muda wa kukaa huongezwa hadi mwaka mmoja. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji mahali unapoishi. Baraza la walimu la huko, Khurusapha, huruhusu asiye na leseni afundishe kwa kibali cha muda cha miaka 2, na asiyetoka nchi za wazawa huombwa alama za mtihani wa Kiingereza, mara nyingi TOEIC ya 600 na zaidi. Mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza maisha yake yote, na pengine amewafundisha mamia, hulipia mtihani wa kuthibitisha kwamba anakijua. Lipa, ufanye, usipoteze usingizi kwa hilo. Habari njema ni kuwa shahada ya ualimu, ambayo Wamarekani wengi wanaofundisha kule hawana, hukuweka karibu zaidi na leseni kamili. Ile miezi ya mazoezi darasani huku kwetu ina thamani yake huko.

Mshahara nao una tabaka. Shule nyingi humlipa Mwingereza baht 35,000 au zaidi na kumpa Mfilipino au Mkenya kama 25,000 kwa vipindi vile vile, na haya hayafichwi. Kinachofichwa ni idadi ya miezi. Mwaka wa shule huanza Mei na kuishia Machi, na kuna mikataba ya miezi 10: Oktoba na Aprili shule imefungwa, nawe hulipwi, ingawa kodi ya nyumba haifungi. Piga hesabu mwenyewe. Baht 25,000 kwa miezi 10 ni 250,000. Baht 22,000 kwa miezi 12 ni 264,000. Ofa iliyoonekana ndogo ndiyo kubwa, tena ndiyo inayokuachia viza hai wakati wa likizo. Kwa maana viza imefungwa kwenye mkataba: siku ya mwisho ya ajira ndiyo siku ya mwisho ya ruhusa ya kukaa, na ukizidisha unatozwa baht 500 kwa kila siku hadi zifike 20,000.

Mkataba mmoja nilioletewa ulikuwa na kurasa 4 za wajibu wa mwalimu, kuanzia rangi ya viatu hadi kusimama getini saa 1 asubuhi kuwapokea watoto, na mstari mmoja tu kuhusu vibali: mwalimu atasaidiwa kupata nyaraka stahiki. Atasaidiwa na nani, lini, kwa gharama ya nani? Mwalimu mwenyewe alikuwa ameuweka alama ya wino pembeni mstari wa mshahara. Nikamwambia auulizie huo wa nyaraka kwa barua pepe, si kwa simu. Wakala alipiga simu mara mbili na hakuandika neno. Mwalimu akabaki, na simwoni kama amepoteza kitu.

Tangu mwaka 2022 swali la viza ya Thailand limekuwa jambo la usalama wa mwili. Wakenya na Waganda, wengi wao vijana wenye shahada na Kiingereza kizuri, waliahidiwa kazi za ofisini Thailand, wakaingia Bangkok kwa viza za kitalii, wakapakiwa garini kwa safari ya karibu kilomita 500 hadi Mae Sot, mpakani, na kuvushwa mto kuingia Myanmar. Huko waliwekwa katika ngome za matapeli wa mtandaoni, wakalazimishwa kuwatapeli watu wa Ulaya na Marekani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilitoa tahadhari mwaka 2022 na kuwarudisha baadhi yao, na mwanzoni mwa 2025, maelfu ya watu wa mataifa mengi walipotolewa katika ngome za Myawaddy, ng'ambo ya mto huo, Wakenya walikuwamo tena. Genge hilo halihitaji kukuombea Non-B, kwa kuwa halina shule. Anayekuambia uingie kwa viza ya kitalii anaweza kuwa mwajiri mvivu tu. Anaweza pia kuwa huyu mwingine, na ukiwa Nairobi au Dar huna namna ya kuwatofautisha. Kwa sababu hiyo mimi sifanyi tofauti kati yao.

Ghuba ina sura nyingine kabisa. Huko pasipoti haikuzuii sana, viza hushughulikiwa na mwajiri, na mshahara haukatwi kodi ya mapato. Kwa Mswahili kuna pia faraja isiyoandikwa kwenye mkataba: Muscat unaweza kuingia dukani ukahudumiwa kwa Kiswahili cha Unguja na mzee ambaye familia yake ilihama baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na asikuache uondoke bila kahawa. Tatizo la Ghuba ni la ndani ya mkataba, na mara nyingi halionekani mpaka siku ya kuondoka.

Chukua Falme za Kiarabu. Sheria ya kazi ya mwaka 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inakataza kumshikia hati zake. Yaani wakala anayekuambia shule imesema ulipe ada ya viza anasema uongo, au shule inavunja sheria ya kwao kabla hata hujafika. Sheria hiyo hiyo inampa aliyemaliza angalau mwaka mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Lakini kinakokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake. Shule mbili zinaweza kukuahidi dirham 6,000 kila moja. Ya kwanza imeandika msingi 5,000 na marupurupu 1,000, ya pili imegawa nusu kwa nusu. Baada ya miaka 3, ya kwanza inakulipa dirham 10,500, ya pili 6,300. Tofauti ni karibu shilingi 148,000 za Kenya, na imetokana na mstari ambao wengi huupita wakikimbilia jumla iliyo chini yake.

Uliza pia shule inafuata mtaala gani. Dubai na Sharjah, shule ya mtaala wa Uingereza na ya mtaala wa India zinaweza kupakana ukuta na mishahara yao isikaribiane. Vyeti vyako vitahitaji mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje na wa ubalozi, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo anayekuambia usafiri Ijumaa hii hana nafasi ya shule. Peleka vyeti mwenyewe au kwa mtu wa damu yako. Cheti halisi cha shahada hakikabidhiwi wakala hata kama ni jirani yenu wa kanisani au msikitini.

Marekani inawachukua walimu wetu wa Kiingereza kama walimu, na kwa hilo naipa heshima yake. Viza ya J-1 ya walimu inataka shahada, uzoefu wa angalau miaka 2 ya kufundisha muda wote, na iwe kwamba bado unafundisha kwenu au ndiyo kwanza umetoka masomoni. Hukupa hadi miaka 3, na kuna uwezekano wa kuongezewa 1 au 2. Imebuniwa kama programu ya kubadilishana: unakwenda, unafundisha, unarudi. Anayekuuzia kama njia ya kuhamia anakudanganya. Mashirika yanayodhamini hutoza ada, mara nyingi maelfu ya dola, na shule zenye uhaba wa walimu kiasi cha kuagiza kutoka Afrika kwa kawaida ni zile ambazo Wamarekani wenyewe wamezikimbia. Mwalimu aliyezoea darasa la watoto 60 wanaosimama anapoingia atahitaji muda kulizoea darasa la 25 wasiosimama kwa yeyote. Isitoshe, mwaka 2025 serikali ya Marekani ilianza kuwawekea raia wa nchi kadhaa za Afrika vizuizi kwenye viza za kundi hilo, Burundi ikiwemo tangu Juni. Mrundi au Mtanzania auulize ubalozi kabla ya kumlipa mtu yeyote senti moja.

Kwa jirani tunasahau kutazama. Sudan Kusini ilichukua Kiingereza kuwa lugha rasmi ilipopata uhuru mwaka 2011, na shule za binafsi za Juba zimejaa walimu wa Uganda na Kenya, baadhi yao wakilipwa kwa dola. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza darasani, na mwaka 2019 ikasisitiza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, imerahisisha vibali kati ya nchi wanachama. Kigali haikulipi kama Abu Dhabi, lakini basi linakurudisha nyumbani mama akiugua. Juba inalipa vizuri mpaka siku bunduki zikilia, kama Julai 2016.

Baada ya kuijua ofa, hesabu unachoacha. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC kuanzia Januari 2021 amewekwa kwenye mfuko mpya wa pensheni: yeye hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali huongeza asilimia 15. Ukiondoka, hiyo 15 inakoma, na mwajiri wa Bangkok hakuwekei kitu. Kuna kuomba likizo bila malipo, na kuna kutoweka. Anayetoweka huandikwa mtoro, jina lake likaingia kwenye mkondo wa nidhamu, na akirudi baada ya miaka 2 anaweza kukuta hana hata usajili wa kumwezesha kufundisha shule ya binafsi. Deni la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, nalo halijui mipaka, na adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi. Miaka 2 ya kimya ni shilingi 120,000 juu ya deni lenyewe.

Halafu kuna nauli na mtaji wa kwenda. Wengi hukopa sakoni kwa dhamana ya wenzao, wengine shamba la baba huuzwa. Mimi nina msimamo mkali hapa na sitaulegeza: kazi ya ualimu inayotaka shamba liuzwe ili uifikie haifai. Mwajiri halali ama hulipa nauli, ama hukurudishia, ama mshahara wake unakuwezesha kulipa mkopo mdogo ndani ya miezi 6. Kwa mshahara wa baht 25,000, ukiondoa chumba, chakula, usafiri na ada za viza, anayejibana sana atabaki na kama 10,000, ambazo ni karibu shilingi 40,000 za Kenya. Hapo hujatuma hela nyumbani, na nyumbani wameshajua kuwa uko majuu. Ukimpa mkopeshaji shilingi 400,000, umefanya kazi miezi 10 kulipia safari.

Kwa hiyo nani aende? Mwalimu mwenye shahada ya ualimu na uzoefu wa miaka 2 au zaidi, ambaye mwajiri amekubali kwa maandishi kumwombea viza ya kazi kabla hajapanda ndege, aende, na awahi kabla umri na majukumu havijamfunga. Mwenye kemia au hesabu aende kwa kifua mbele. Mwenye stashahada au ambaye hajawahi kushika chaki afundishe kwanza hapa, hata kwa mshahara mdogo, kwa kuwa soko linaloheshimu uzoefu halimtaki na lile linalomtaka halimheshimu. Mzazi wa mtoto mdogo aulize kama mkataba unagharamia viza ya familia. Mara nyingi hapana, na miaka 3 kwa mtoto wa miaka 2 ni maisha yake yote na zaidi.

Kabla ya kumlipa wakala yeyote wa Kenya, tafuta jina lake kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kwa Tanzania, anza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Ipigie simu shule yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uombe kuzungumza na mwalimu wa kigeni aliyepo, na umuulize aliingia kwa viza gani. Barua ya kujiuzulu, au ya kuomba likizo bila malipo, usiipeleke siku ofa inapofika. Ipeleke siku utakapoipokea pasipoti yako kutoka ubalozini ikiwa na viza ya kazi ndani.